Mmeshachanga, mpeleke wapi? Kulipia wanafunzi, kuanzisha mfuko wa kudumu au kujenga chuoni

Kundi la WhatsApp la waliomaliza chuo mwaka mmoja likishazoea kuchangiana misiba na harusi, siku moja mtu huuliza: "Jamani, na chuo chetu je?" Michango inaanza kuingia, na ugomvi unakuja kiasi kikishajulikana. Mmoja anataka walipiwe ada vijana wenye shida, tena wiki hii. Wa pili, na mara nyingi ni yule wa benki, anataka mfuko ambao mtaji wake hauguswi. Wa tatu anataka kitu kinachoonekana, chenye kibao cha mwaka wenu ukutani. Wote watatu wana hoja, ndiyo maana mjadala hauishi.

Nazungumzia chuo kikuu cha umma tu, na mifano yangu mingi ni ya Dar es Salaam na Nairobi. Chuo cha umma kina mazingira yake. Mishahara inatoka Hazina, ada haipandi bila Serikali kutia neno, na vitabu vyake vya fedha vinakaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Kwa hiyo mchango wenu ni nyongeza juu ya kilichopo, na swali la kuanzia ni moja: je, hiki tunachotaka kukilipia kingelipiwa hata tusingetokea? Kama ndiyo, tafuteni pengo lingine.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia zote tatu kwa mambo matano: kiasi kinachotosha ili njia iwe na maana, matunda yanaonekana lini na yanadumu muda gani, nani anashika fedha na nani anaweza kumuuliza, mambo huharibikia wapi, na njia inamfaa nani. Kodi nimeiweka mwishoni kwa sababu inagusa zote.

Njia ya kwanza: kulipia wanafunzi moja kwa moja

*Kiasi.* Hapa fedha ndogo ina nguvu kuliko popote. Ada ya shahada ya kwanza katika kozi nyingi za vyuo vya umma Tanzania iko kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.8 kwa mwaka. Lakini msiishie kwenye mstari wa ada, someni ankara yote. Chini yake kuna 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), bima ya afya 50,400 kwa asiye na kadi ya mzazi, kitambulisho, usajili, mchango wa serikali ya wanafunzi, halafu kuna fedha za mafunzo kwa vitendo ambazo hazimo kwenye ankara hiyo. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anapata bumu la shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, kiwango kilichopanda mwaka 2022 kutoka 8,500. Asiye na mkopo ndiye anayebebana kitanda kimoja na rafiki hosteli.

Kuna jambo wachangiaji wengi hawalioni. Katika vyuo vingi mwanafunzi mwenye deni haondolewi darasani, anakwamia mlango wa chumba cha mtihani. Laki mbili inayofika wiki moja kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, inaweza kumwokolea kijana mwaka mzima, wakati milioni moja iliyotolewa Oktoba kwa mtu ambaye angejikimu haijabadilisha lolote. Wenye kiasi kidogo waulize ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kama kuna fungu la dharura la namna hiyo. Pale ambapo halipo, wao wanaweza kulianzisha.

*Muda.* Matunda ni ya papo kwa papo. Lakini ahadi yake ni ya miaka mitatu, minne kwa uhandisi, mitano kwa udaktari. Makundi mengi huchoka mwaka wa pili. Ndiyo maana nasisitiza: msimtaje mwanafunzi mpaka fedha za miaka yake yote ziwe benki. Kumwacha mtu katikati ya shahada ni kumuumiza zaidi ya kutomwanza.

*Nani anashika fedha.* Ada ilipwe chuoni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya GePG, mfumo wa malipo ya Serikali, ambayo mwanafunzi mwenyewe anaitoa kwenye akaunti yake ya usajili. Risiti inabaki. Fedha za kujikimu haziepukiki kwenda kwenye simu yake, na hapo mnaamini tu. Suala gumu ni uteuzi. Mkichagua wenyewe, wapwa wa wanakundi watajaa kwenye orodha. Mkiliachia chuo, mnapoteza kauli. Mimi ningewaachia chuo kipendekeze majina kwa vigezo mlivyoandika ninyi.

*Huharibikia wapi.* Kijana akisapu, yaani akirudia mtihani? Akikeri somo, yaani akilibeba hadi mwaka unaofuata? Akidisko, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli? Andikeni kabla ya kulipa shilingi ya kwanza. Kanuni inayovumilika ni hii: sapu haifuti ufadhili, kudisko kunaufuta, na kuahirisha mwaka kwa ugonjwa kunausimamisha. La pili ni heshima. Kumsimamisha binti wa miaka 19 mbele ya kamera akishika hundi kubwa kama bango ili wenzake wote wajue kwao hakuna, mimi sioni sadaka hapo.

*Inamfaa nani.* Mtu mmoja mmoja, kundi jipya ambalo halijapima uvumilivu wake, na yeyote mwenye kiasi kisichofika milioni 20.

Njia ya pili: mfuko wa kudumu

Sisi wa pwani jambo hili si geni. Mtu ametoa shamba la minazi au nyumba ya kupangisha iwe wakfu: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, ila kodi na mazao yake yanahudumia msikiti, madrasa au kisima. Kenya ina Makamishna wa Wakfu Mombasa, Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mfuko wa kudumu wa chuo kikuu unafuata mantiki hiyo hiyo, isipokuwa mara nyingi mali yenyewe ni hisa na hatifungani, yaani fedha mnazoikopesha Serikali au kampuni kwa riba.

Mfano mkubwa wa chuo cha umma ninaoujua uko Texas, Marekani. Katiba ya jimbo ya mwaka 1876 ilianzisha mfuko wa kudumu wa chuo kikuu na kuupa ardhi, ambayo baada ya nyongeza ilifika ekari milioni 2.1. Ilikuwa ardhi kame ya magharibi, na kilichopatikana kwa miaka mingi kilikuwa kodi ya malisho ya ng'ombe. Tarehe 28 Mei 1923 kisima cha Santa Rita namba 1 kikatoa mafuta. Leo mfuko huo una thamani ya zaidi ya dola bilioni 30, na vyuo vinakula faida ya uwekezaji tu. Watu huisimulia hadithi hii kama bahati ya mafuta. Mimi naona jambo kubwa ni miaka 47 ya kabla ya mafuta, ambapo hakuna aliyeuza ardhi ile yote kwa kuona haina faida.

Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi tunakiita Mlimani, kina kitu cha jamii hiyo: Mlimani City. Jengo lile lililofunguliwa 2006 liko kwenye ardhi ya chuo, iliyokodishwa kwa miaka 50 kwa mwekezaji kutoka Botswana. Ardhi haijauzwa, chuo kinapata kodi. Masharti ya mkataba ule yamejadiliwa sana hadi bungeni, na huo ndio ukweli kuhusu mali ya kudumu: utamu wake au uchungu wake umo kwenye karatasi ya siku ya kwanza.

*Kiasi.* Tuchukue milioni 50 iliyowekwa kwenye hatifungani ya Serikali inayolipa asilimia 12. Kwa mwaka inaingiza milioni 6. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4, milioni 2 lazima irudi kwenye mtaji ili milioni 50 ile iendelee kununua kile inachonunua leo. Inabaki milioni 4, yaani ada ya wanafunzi watatu hivi. Sasa fanyeni hesabu hiyo kwa milioni 5: mnabaki na laki nne, ambayo posho za vikao peke yake zinaweza kuimaliza. Tena riba haikai mahali pamoja. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza 2021 ililipa asilimia 15.95, mwaka uliofuata zilizotolewa mpya zilishuka hadi 12.56. Vyuo vya Marekani kwa kawaida hutumia kati ya asilimia 4 na 5 ya thamani ya mfuko, wakipiga wastani wa miaka kadhaa ili mwaka mbaya usiwakate wanafunzi ghafla.

Wasiotaka riba wana njia zao: nyumba ya kupangisha, hisa za kampuni zinazokubalika kwao, au sukuk, yaani hatifungani isiyo na riba, inapotolewa.

*Muda.* Mwaka wa kwanza hakuna cha kuonyesha. Wa pili pengine mwanafunzi mmoja. Kama kundi lenu linapenda picha za haraka, mtagombana. Ila mfuko ukisimama, unaendelea kusomesha wakati ninyi wote mmeshastaafu.

*Nani anashika fedha.* Hapa ndipo pa kukaa na kujadili hata miezi. Fedha zikikaa ndani ya chuo, CAG anazikagua na ofisi ya kuziendesha ipo. Hatari ni kwamba ruzuku ya Hazina ikichelewa, salio lililolala hutazamwa kwa jicho la njaa, "tukope kidogo tutarudisha". Mkisajili bodi yenu ya wadhamini RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sheria ya Uunganishaji wa Wadhamini, Sura ya 318, mnajitawala. Lakini wadhamini wanazeeka, wanahama nchi, wanafariki, na kila badiliko lina fomu zake. Bodi iliyolala miaka mitano ni kazi kuiamsha. Ya katikati ninayoipenda ni bodi yenye wajumbe wa kundi na wa chuo, ambapo upande mmoja hauwezi kutoa fedha bila saini ya mwingine. Kwa uwekezaji wenyewe hamhitaji kuajiri mtaalamu siku ya kwanza. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kampuni ya Serikali, inapokea kikundi, na ule wa Umoja upo tangu 2005.

*Huharibikia wapi.* Adui mkubwa ni shilingi yenyewe. Mwaka 1970, chuo cha Mlimani kilipokuwa chuo kikuu kamili cha taifa, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka. Mfuko uliofunguliwa 1970 na kuachwa kwenye akaunti ya akiba ungefika 1990 ukiwa umepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kununua. Mtaji "haukuguswa" na bado umekufa. Kwa hiyo kipengele cha kurudisha sehemu ya faida kwenye mtaji kiandikwe kwa lazima, kisiwe hisani ya wadhamini.

Adui wa pili ni masharti yaliyobana. Mtu anaandika mfuko uwe wa wasichana wa wilaya fulani wanaosoma shahada fulani. Wilaya inagawanywa, shahada inabadilishwa jina, na fedha zinakaa hakuna anayestahili. Wekeni lengo kuu, kisha sentensi moja ya kuwaruhusu wadhamini kulisogeza lengo karibu na lilipokuwa iwapo halitekelezeki tena.

*Inamfaa nani.* Kundi kubwa lenye nidhamu, kampuni, familia inayotaka jina la mwalimu wao aliyefariki libaki, na yeyote anayeweza kusubiri. Pia wanaotaka kulipia nafasi ya mhadhiri au kigoda cha taaluma, mfano wa Kigoda cha Mwalimu Nyerere kilichoanzishwa Mlimani 2008, maana kazi ya namna hiyo inahitaji mapato kila mwaka bila kukatika.

Njia ya tatu: jengo au vifaa

Baada ya Gandhi kuuawa Januari 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walianza kuchanga ili wajenge chuo cha kumbukumbu yake. Wakati huo Serikali ya kikoloni ilikuwa inaandaa chuo chake cha ufundi Nairobi. Badala ya kujenga vyuo viwili mji mmoja, mwaka 1954 waliunganisha fedha zao na mradi ule, chuo kikawa cha watu wa rangi zote, na Julai 1956 Radhakrishnan, makamu wa rais wa India, akazindua sanamu ya Gandhi. Chuo kimebadilisha jina mara kadhaa tangu hapo, na tangu 1970 ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Sanamu bado ipo. Kilichowafanikisha ni kukubali mradi wao uingie ndani ya mradi wa mwingine.

Kenya hiyo hiyo, wananchi wa Nyeri walianza chuo cha teknolojia kwa harambee miaka ya 1970. Leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, cha umma, kilichopata hati yake Desemba 2012.

*Kiasi.* Majengo makubwa ni ya mataifa. Maktaba mpya ya Mlimani iliyofunguliwa Novemba 2018, yenye viti vya wasomaji 2,100, ilijengwa kwa msaada wa China wa takriban dola milioni 40. Kundi la wahitimu halina sababu ya kushindana na hilo. Lakini vimbweta, yaani viti na meza vya zege chini ya miti, soketi za umeme za kuvitumia, tangi la maji hosteli, njia ya kupitisha kiti cha magurudumu kwenye jengo lililojengwa zamani bila kufikiria wenye ulemavu: hivi havimo kwenye msaada wa taifa lolote na vinatumika kila siku.

*Muda.* Kinaonekana mara moja na kinahudumia wengi ambao hamtawajua. Kudumu kwake kunategemea nani ananunua taa zikiungua.

*Nani anashika fedha.* Mkikabidhi fedha taslimu kwa chuo, manunuzi yatapita kwenye sheria ya manunuzi ya umma na NeST, mfumo wa manunuzi wa Serikali wa mtandaoni. Inachukua muda, ila kuna nyaraka. Mkijenga wenyewe na kukabidhi, mnakwenda haraka, lakini ramani lazima ipitishwe na ofisi ya miliki ya chuo, na makabidhiano yawe ya maandishi. Kitu kilichokabidhiwa kwa mdomo hakiingii kwenye daftari la mali, na kisichoingia hakitengewi fedha za matengenezo.

*Huharibikia wapi.* Ingieni maabara yoyote ya chuo cha umma muulize fundi sanifu. Atawaonyesha mashine iliyoletwa na mfadhili, bado ina plastiki yake upande mmoja, inangoja kemikali isiyouzwa nchini au fundi anayetoka ng'ambo. Iko pale inachukua nafasi, na kila mwaka inahesabiwa kwenye orodha ya mali. Kabla ya kununua kifaa, mwacheni anayekitumia aandike aina, na mtenge sehemu ya fedha kwa vipuri; mimi nisingeshuka chini ya moja ya tano.

Halafu jina. Chuo Kikuu cha Cape Town kimejengwa kwenye ardhi iliyotokana na mali ya Cecil Rhodes, na sanamu yake ilisimama pale miongo mingi mpaka wanafunzi walipodai iondoke, ikaondolewa tarehe 9 Aprili 2015. Ninyi si Rhodes, lakini kibao chenye jina la kampuni au mwanasiasa kinaweza kuwa mzigo kwa chuo. Mwaka wa kuhitimu hauna doa.

*Inamfaa nani.* Wahandisi na wakandarasi walio tayari kusimamia kwa macho yao, makampuni yenye bidhaa ya kutoa, na makundi yanayohitaji kuona ili yaendelee kuchanga. Hilo la mwisho si jambo la kudharau.

Kuhusu kodi

Kwa Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu michango ya hisani kupunguzwa kwenye mapato ya biashara kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato hayo. Mchango kwa Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), ulioanzishwa kwa sheria ya 2001, una utaratibu wake mzuri zaidi, kwa hiyo kampuni iwaulize TEA na TRA kabla ya kuandika hundi. Mfanyakazi anayekatwa kodi kwenye mshahara (PAYE) asitarajie kurudishiwa chochote.

Kwa hali yako

Mko kumi na mna milioni tatu: fungu la dharura la mitihani. Msianzishe katiba wala bodi.

Mna milioni 15 na kundi lenye kelele nyingi: wanafunzi wawili au watatu, fedha za miaka yote zikiwa tayari. Mkimaliza salama, mmejua kama mnaweza kukaa pamoja kwenye jambo refu.

Mna milioni 50 na zaidi, au wanachama wanaokatwa kila mwezi bila kukumbushwa: mfuko wa kudumu unaanza kuwa na maana. Mnaweza kuuchanganya: michango mipya igawanywe, nusu ilipie ada mwaka huu, nusu iingie kwenye mtaji. Inawatuliza wenye haraka huku mtaji ukikua.

Kampuni yenye bajeti ya mwaka mmoja isiyojua kama mwakani itakuwepo: vifaa pamoja na vipuri vyake. Isiahidi ufadhili wa miaka minne.

Walioko ughaibuni: tofauti ya fedha za kigeni ni faida yenu, lakini hamuwezi kwenda kukagua zege. Ada kwa risiti, au mtaji wenye taarifa ya kila robo mwaka, vitawafaa kuliko ujenzi.

Na familia yenye nyumba ya marehemu baba aliyefundisha chuoni: msikimbilie kuiuza. Ulizeni kwanza kama chuo kina ofisi inayoweza kukusanya kodi, kupaka rangi na kumtoa mpangaji msumbufu. Kama hakina, uzeni, nunueni hatifungani au kitu kisicho na riba kwa wanaojali hilo, muikabidhi bodi. Kwa Waislamu, mkumbuke wasia hauvuki theluthi moja ya mali bila warithi kuridhia, hivyo anayetaka nyumba nzima iwe wakfu wa chuo aiandike akiwa hai na mwenye afya, mbele ya kadhi au wakili, na watoto wake wakijua.